Nataka gitaa la tatu la umeme lenye sauti NZITO, bajeti 1.8M, nipo Mtwara

Solo la Shangani

Wakuu heshima kwenu. Nipo Mtwara mjini, Shangani, napiga solo kwenye bendi yetu ya harusi na mahafali na Jumapili nipo kanisani na kwaya. Magitaa ya umeme ninayo mawili, Squier Stratocaster na kopi ya Telecaster niliyoachiwa na mjomba, kuna na la boksi la kupigia barazani umeme ukikata. Yote nayapenda na kwa dansi sina malalamiko kabisa, Strat nikiweka pikapu (vile vidaka sauti chini ya nyuzi) ya nyuma na ya katikati pamoja sebene inatiririka yenyewe.

Shida inaanza nikitaka kitu kizito. Mjomba alifanya kazi Kitwe zamani akarudi na kaseti za Zamrock, ile roki ya Zambia, akina WITCH na Ngozi Family, nimekua nazisikia hizo, halafu baadae nikaingia kwa Black Sabbath na Metallica na sikutoka tena. Sasa nikikanyaga distosheni (pedali ya kukwaruza sauti) na Strat inatoka sauti nyembambaaa halafu inavuma vuuu hata uzi sijagusa, na zile taa za tyubu za ukumbini ndo zinaongezea, nikigeuka kidogo upande mvumo unapungua nikirudi unarudi.

Korosho za mzee zimelipa vizuri nimetenga 1.8M. Macho yangu yapo kwa Epiphone Les Paul, Epiphone SG, Ibanez RG na Jackson Dinky. Ampu yangu ni ndogo ya wati 15, ukumbini naingia moja kwa moja kwenye mixa. Mke wangu ameuliza haya mawili yaliyopo yana ugonjwa gani, mpaka sasa sijampa jibu la kueleweka. Naombeni ushauri wa gitaa na jibu la mke kwa pamoja.

Rhythm wa Masasi

Kaka la mke ni rahisi, mwambie yaliyopo yana koili moja moja, linalokuja lina koili mbili mbili, na huo ndo ukweli wenyewe wala humdanganyi.

Pikapu za Strat na Tele kila moja ni sumaku imezungushiwa koili moja ya waya mwembamba, sasa koili haichagui, inadaka mtikisiko wa uzi na inadaka pia umeme uliopo hewani, taa, transfoma, friji ya vinywaji pale nyuma ya jukwaa. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde ndo hiyo vuuu unayoisikia na ndo maana ukigeuka inapungua, koili imebadilisha uelekeo. Distosheni kazi yake kukuza kila kilichopo kwa hiyo na mvumo unakuzwa nao. 1955 pale Gibson fundi mmoja anaitwa Seth Lover akaombea hataza pikapu ya koili mbili, ya pili imezungushwa kinyume na ncha yake ya sumaku imegeuzwa, matokeo yake sauti ya uzi inajumlishwa kwenye koili zote mbili ila ule mvumo unafutana wenyewe kwa wenyewe. Ndo hambaka hiyo. Na kwa kuwa koili mbili zimefuatana nguvu inayotoka ni kubwa na ule ukali wa juu unapungua, hapo distosheni inashiba mapema, sauti inakuwa nene.

Katika list yako mi ningebeba SG. Les Paul tamu sana ila ni kilo nne na ushee, wewe unapiga harusi mpaka saa nane za usiku bega litakushtaki. SG ilikuja 1961, bodi nyembamba, mkono unafika freti za juu kabisa bila kugombana na mbao. Ubaya wake ukiachia mkono shingo inazama chini kwa sababu bodi ni nyepesi, nunua mkanda mpana wa ngozi ule upande wa ndani unaokwaruza utulie begani.

kijana_wa_Ruangwa

Rhythm umeongea vizuri ila SG tena?? Mtu anataka uzito halafu unampa gitaa la uzi mfupi. SG na Les Paul urefu wa uzi kutoka nati (kule kichwani) mpaka briji (kule kwenye bodi) ni inchi 24.75, Strat, Jackson na Ibanez RG ni 25.5. Uzito wa siku hizi ni kushusha tyuning, sasa ukishusha kwenye uzi mfupi unalegea, ukiupiga kwa nguvu noti inaanza juu kidogo halafu inarudi chini, masikio yanaumia. Chukua Jackson Dinky au RG, hambaka mbili, freti 24, shingo nyembamba, bei ya chini kuliko Epiphone na chenji unanunua pedali. Ukijisikia kuzama zaidi kuna RG za nyuzi saba, ule wa saba ni B ya chini hata hushushi kitu.

Dansi unayo tayari, hili liwe la vita tu.

Rhythm wa Masasi

Dogo Tony Iommi wa Black Sabbath alipiga na nini? SG. Na alishusha mpaka C#.

kijana_wa_Ruangwa

Sawa ila yule vidole viwili ncha zake zilikatwa na mashine kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, alishusha ili nyuzi ziwe laini vidole visiume. Yaani alikuwa ANATAKA zilegee. Sisi vidole vyetu vizima.

Fundi Nyuzi (Lindi)

Vijana hapo kwa Iommi mmeacha utamu. Ile SG aliyorekodia albamu ya kwanza ilikuwa na P-90, na P-90 ni koili moja, pana na yenye waya mwingi kuliko ya Strat lakini ni koili moja. Na alienda studio na Strat ikamfia pikapu hapo hapo ndo akachukua SG iliyokuwa ya akiba. Kwa hiyo mtu asiapie hapa kwamba bila hambaka hakuna uzito. Hambaka inakupa ukimya na nguvu, uzito ni mambo mengi yamekaa pamoja.

Mleta mada nikuulize kwanza. Unachotaka ni ile sauti ya Wazambia ya kaseti za mjomba au unataka rifu (vipande vifupi vya kurudiarudia) za Metallica za kuziba nyuzi kwa kiganja? Kwa sababu hizo ni dawa mbili tofauti. Zamrock ni fazi, ile distosheni ya kukwaruza sana. Pedali ya fazi na pikapu ya koili moja zinapendana toka enzi za Hendrix, yule alipiga Strat ndani ya Fuzz Face na hakuna aliyemwambia sauti nyembamba. Kama ni hiyo, usinunue gitaa, nunua fazi, hela nyingine rudisha kwa mama.

Kama ni Metallica basi ndio, hambaka. Na hapo pia ipo njia ya bei nafuu nakupa kama fundi, huwa nawafanyia watu hapa Lindi. Zipo hambaka zenye umbo la pikapu ya Strat, nyembamba, koili mbili zimebanwa ubavu kwa ubavu, zinakaa kwenye tundu lile lile bila kutoboa mbao. Unafungua ile plastiki ya mbele, unatoa pikapu ya upande wa briji, unalehemu mpya. Angalia na volyumu, za Strat ni K250, hambaka inataka K500, ukiiacha kwenye 250 inakuwa butu utasema pikapu mbovu. Kazi ya mchana mmoja.

Ila naona unakusanya, na mtu anayekusanya humwambii abadilishe pikapu, ni kupoteza wino. Basi sikiliza haya mawili ya huku kwetu pwani.

La kwanza, ukiona gitaa lina briji ya Floyd Rose, ile inayoelea na kufunga nyuzi kwa spana ya L, liache dukani. Ni kifaa kizuri mikononi mwa mwenye subira, lakini uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo zote tano zilizobaki zinatoka kwenye tyuning kwa sababu springi za nyuma zinavuta bila kipingamizi, na kushusha tyuning ni shughuli ya kukaa chini na kahawa. Juu ya hapo ina viskrubu vidogo vya chuma kila mahali na hewa yetu ya chumvi inavila. Nimeletewa moja toka Mikindani ile spana haishiki tena, kichwa cha skrubu kimekuwa unga mwekundu, ikabidi nitoboe na drili. RG na Jackson zipo zenye briji ya kudumu na zipo za Floyd, soma vizuri kabla hujalipa.

La pili ni pikapu za aktivu, zile EMG na jamaa zake. Ni kimya kabisa na zinapiga kwa nguvu, Metallica wamezitumia miaka mingi, ila zinakula betri ya volti 9 ile ya mraba na betri inaliwa muda wote jeki ikiwa imechomekwa hata kama hupigi. Chomoa waya ukimaliza. Mtu akisahau anakuja kwangu anasema gitaa limekufa.

Kuhusu mbao msibishane sana. Les Paul na SG ni mahogani ambayo kwetu sisi ni ndugu wa mkangazi, RG nyingi za bei hii ni mbao laini laini tu, na kwenye umeme wenye distosheni tofauti yake ni ndogo kuliko watu wanavyotaka iwe. Mbao zingekuwa kila kitu sisi tungekuwa matajiri, mpingo wa Kilwa na Nachingwea unapelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti na obo halafu sisi tunauziwa ubao wa vidole uliopakwa rangi nyeusi.

Solo la Shangani

Fundi shikamoo, nimesoma mara mbili. Jibu: vyote viwili, lakini zaidi ni ile ya kuziba nyuzi kwa kiganja, ile DJUM DJUM ya kifua. Fazi nitatafuta nyingine siku za mbele (mke hasomi hapa).

Aktivu nimeziondoa kwenye mawazo. Floyd nayo imeondoka. Swali dogo, kwa nini nikiwa nyumbani kwenye ampu distosheni inavumilika ila nikiingia kwenye mixa ukumbini inageuka uchafu kabisa? Pedali ni ile ile.

Besi ya Ligula

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo maana naona wanaume mnabishana inchi 24 na 25 wakati mwenzenu anachomeka distosheni kwenye mixa.

Mi napiga besi kanisani hapa hapa Mtwara na nimekaa karibu na wapiga solo wengi. Spika ya ampu ya gitaa haina twita (spika ndogo ya sauti kali). Ile spika ya inchi 12 ikifika kama elfu tano hezi inaanza kukata sauti ya juu yenyewe, na ule ukali wote wa distosheni upo juu ya hapo, kwa hiyo spika inakuchujia bila kukwambia. Mixa na spika za ukumbi zina twita, zinatoa kila kitu mpaka juu kabisa, hapo ndo distosheni inakuwa kama nyuki kwenye kopo. Hata ununue Les Paul ya milioni ishirini, ukichomeka hivyo ni nyuki wale wale, wa gharama.

Dawa ni moja kati ya hizi, au uweke maiki mbele ya ampu yako, SM57 ndo ya kazi hiyo miaka yote, au utafute pedali ya efekti nyingi yenye kabineti ya kuigiza ndani yake, inachuja kama spika halafu ndo inaenda mixa. Wa mixa akikusumbua mwambie akate sauti za juu kwenye chaneli yako, sio suluhisho lakini utapona usiku huo.

Na geini (kiasi cha distosheni) kaka! Nyie wapiga solo mkishika kitufe cha geini mnakizungusha mpaka kigonge mwisho. Punguza. Uzito unasikika pale uzi unapoanza kupigwa, ile "dju" ya mwanzo, geini ikizidi inaifuta, kila kitu kinakuwa sare. Besi ya pedali nayo punguza kabla ya distosheni na midi (sauti za katikati) PANDISHA, watu wote wanashusha midi chumbani wanajisikia wanaume, wakifika na bendi hawasikiki. Ule ukubwa wa chini ambao unausikia kwenye rekodi nusu yake ni besi na kiki (dramu kubwa ya mguu) vimekaa pamoja na gitaa. Mpe mpiga besi wako rifu naye apige ile ile.

Jambo la mwisho, ethi. Nyumba nyingi na kumbi za zamani huku hazina waya wa ardhi wa maana, ukishika nyuzi na midomo ikagusa maiki unapigwa shoti. Gitaa jipya haliondoi hilo. Ita fundi umeme aangalie.

Rhythm wa Masasi

Dada umetunyamazisha wote.

kijana_wa_Ruangwa

Midi napandisha leo jioni nione.

Mwana Newala (nipo Dar)

Wadau salama. Mimi mtu wa Newala ila kazi yangu ipo Dar na Kariakoo nazunguka sana, nimeshanunulia washkaji wa kusini vyombo kadhaa na kuvipandisha basi, nitaongea la kununua maana hapo ndo watu wanapigwa.

Usinunue kwa picha. Duka linaweka picha ya mtandaoni ukifika unakuta kitu kingine. Ukiona Gibson ya laki tisa hiyo sio Gibson, usipoteze nauli. Gibson halisi kile kifuniko kidogo cha kichwani kinachofunika nondo ya shingo (chuma cha ndani cha kuinyoosha) kina skrubu mbili, kopi nyingi zinaweka tatu, ila hata bila kuangalia hilo bei yenyewe imeshakwambia. Kopi sio dhambi, zipo kopi zinapigika vizuri, dhambi ni kulipa bei ya halisi.

Nikishika gitaa mi naangalia hivi. Kwanza shingo, nalishika kama bunduki naangalia kutoka kichwani kwenda briji kama nyuzi na mbao zinakwenda sawa, ikiwa imejipinda kidogo mbele ni kawaida nondo inarekebisha, ikiwa imejisokota kama kamba naliweka chini nasema asante. Halafu napiga kila uzi kila freti taratibu bila ampu, nasikiliza inayokwaruza. Halafu freti ya 12, noti ya kubonyeza lazima ilingane na haromoniki (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) ya hapo hapo, hiyo inaonyesha briji inaweza kukaa sawa. Ndo nachomeka, nazungusha volyumu na toni zote, jeki naitikisa. Mwenye duka akianza kununa ujue kuna kitu.

Used za kutoka Japani zipo na nyingine ni nzuri ajabu, gitaa halina shida, ila ampu ya Japani ni ya volti 100 na yetu ni 230, ukichomeka bila transfoma ya kushusha utaona moshi. Ukiagiza mwenyewe toka nje piga hesabu ya nauli, ushuru na VAT asilimia 18 kabla hujafurahia bei ya kwenye skrini.

Basi sasa. SG na Les Paul kichwa kimelala nyuma na mbao pale nyuma ya nati ni nyembamba, gitaa likianguka kifudifudi au likibanwa na mizigo kwenye buti shingo inakatika pale pale. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 na konda hajui kodi hata moja ya gitaa. Kama ni SG lazima kasha gumu, legeza nyuzi kidogo, jaza nguo chini ya kichwa kisiguse kitu. RG na Jackson vichwa vyake navyo vimelala ila shingo imefungwa kwa skrubu, likitokea la kutokea shingo unabadilisha. SG shingo imegundishwa.

Mzee wa Sindimba

Uza Telecaster kwanza. Chumba chenyewe kina nafasi?

Solo la Shangani

Mzee Tele haiuzwi ni ya marehemu mjomba.

Besi ya Ligula dada nimefanya ulivyosema, geini nimeirudisha mpaka karibu nusu, midi juu, nikaweka maiki mbele ya kiampu changu nikaingia mixa. Strat ile ile. Mpiga dramu wetu akageuka akaniuliza umenunua pedali mpya? Mvumo bado upo lakini sauti imepata mwili, nimekaa pale najiangalia. Maana yake gitaa bado nataka lakini sasa najua nataka nini, nataka ukimya na ile nguvu, sio miujiza.

Kwa hiyo nafikiria hivi. Hambaka mbili pasivu (zisizotumia betri), briji ya kudumu, inchi 25.5 kwa sababu kijana wa Ruangwa amenishawishi na pia mkono wangu umezoea Strat, nikibadilisha gitaa katikati ya shoo sitaki vidole vianze kutafuta freti. Hiyo ni RG yenye briji ya kudumu au Jackson ya namna hiyo. Hela itakayobaki ni pedali yenye kabineti ya kuigiza. Rhythm usinune, SG itakuja msimu mwingine.

Swali la mwisho kwa Fundi, nyuzi namba ngapi? Nataka kushusha ule wa sita mpaka D tu, na nyimbo chache zote zishuke nusu toni.

Rhythm wa Masasi

Sinuni, nasubiri msimu.

Fundi Nyuzi (Lindi)

Kwa kushusha wa sita mpaka D na mara moja moja nusu, 10-52 zinatosha. Zile tatu nyembamba zinabaki laini kama za 10 za kawaida, unavuta noti zako za dansi bila tabu, na zile tatu za chini zinakuwa nene zisilegee. Ukienda 11-54 ni kwa mtu anayeishi chini huko muda wote. Ukibadilisha kutoka 9 za dukani kwenda 10-52 shingo itavutwa mbele na ule uzi mnene hautaingia vizuri kwenye mtaro wa nati, utasikia "tik" kila ukityuni. Usilazimishe. Mtaro unapanuliwa kwa faili jembamba au hata kipande cha uzi mnene wa zamani unausugua taratibu, halafu nondo unaikaza robo mzunguko unasubiri mpaka kesho yake uangalie tena, mbao haina haraka.

Na kutu. Shangani wewe upo baharini kabisa. Kitambaa kikavu kila ukimaliza, unapitisha na chini ya nyuzi sio juu tu, na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka ndani ya kasha. Nyuzi zenye mipako kama Elixir ni ghali ila kwa hewa hii zinalipa. Gitaa usilitundike ukutani upande unaopigwa na upepo wa bahari kwa ajili ya wageni kuliona.

Usisahau pia urefu wa pikapu, watu wanazipandisha mpaka zinakaribia kugusa nyuzi wakidhani ndo nguvu. Sumaku inavuta uzi, noti inakosa pumzi. Acha nafasi ya kama milimita 2 ukiwa umebonyeza freti ya mwisho, sikiliza, shusha kidogo upande wa nyuzi nene.

Besi ya Ligula

Na mke je, umeshamjibu?

Solo la Shangani

Nilimwambia lile la koili mbili. Akasema sawa, na yeye cherehani yake ni ya sindano moja anataka ile ya sindano mbili. Bajeti imekuwa 1.3.

kijana_wa_Ruangwa

😂😂😂 1.3 Jackson JS bado inaingia, pedali utasubiri

Mwana Newala (nipo Dar)

Mkuu Jumamosi napita Kariakoo, nitakupigia video nikiwa nimelishika, uone shingo na usikie freti ya 12 mwenyewe. Hela tuma ukisharidhika sio kabla. Niambie tu rangi, ila nyeusi zinaonyesha vidole na nyeupe hukaa dukani muda mrefu mpaka zinageuka njano, mi ningechukua lolote lenye shingo iliyonyooka.

Solo la Shangani

Rangi yoyote isiyokuwa ya waridi. Nitakuwa hewani kuanzia saa nne.